Bomba la Moshi Lisiguse Mbao

Msomaji, ikiwa unaishi katika nyumba ya mbao kule Limuru au Molo, huenda baridi ya Julai hukufanya utamani jiko la kuni lenye bomba. Jihadhari na fundi anayetoboa ukuta tundu la kutosha bomba tu. Mbao inayopata joto kila siku hukauka, na mwishowe huweza kushika moto bila kuguswa na mwali.

Mwambie aache sentimita 45 kila upande wa bomba, kisha pazibwe kwa bati, si mbao. Bomba nalo lipande kupita paa, la sivyo moshi utarudi ndani pamoja na gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Bati ni rahisi kuliko mazishi.