Mzee wa pansio asinunue shamba mbele ya kulala mugini msimu mmoja



Kila mwaka, mwezi wa nane na wa tisa, wakati majani yanachomwa na mashamba yanatayarishwa, sisi wa agronome tunaona sura mpya mugini. Wanatoka Lubumbashi, Likasi ao Kipushi. Ni wazee walioacha kazi: mwalimu, dereva, mfanyakazi wa mine, mama aliyekuwa infirmière. Wanakuja na mabati, na mifuko ya simenti, na zile franga za mwisho walizolipwa. Wote wanauliza neno moja: "Bulongo iko wapi?"

Leo tunataka kutoa mawazo yetu juu ya hao watu, kwa sababu wanakuwa majirani zenu, na wengine ni wazazi wenu wanaorudi. Tunasema waziwazi: mzee wa pansio asinunue shamba mbele ya kulala mugini msimu mmoja mzima wa mvua. Na ni kooperative inayopaswa kumpa fasi ya kulima huo msimu.

Jambo hili haliko jipya kwetu Katanga. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuacha kazi katika mpango wa "départs volontaires", na Benki ya Dunia ilitoa feza za kuwalipa. Wakati ule sisi tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka kwenye mitaa yetu: mmoja alinunua taksi, mwingine alifungua duka, mwingine alikamata jembe. Wazee walikuwa wakisema: "Mugini hakuna loyer, chakula kinatoka chini." Ni kweli, lakini chakula hakitokake chini kwa mtu asiyejua ile chini.

Tuwaambie tulichokiona wenyewe. Mzee mmoja, aliyefanya kazi miaka 31 kwenye atelier, alinunua hektari 10 kwa shefu wa mugini. Walisikilizana kwa mdomo, kisha akapewa karatasi moja yenye tampo. Akalipa trakta ilime hektari zote 10. Trakta ilichelewa, akapanda mahindi mwanzo wa mwezi wa kwanza, wakati wenzake walikuwa wamepanda tangu mvua za mwezi wa kumi na moja. Majani yakafunika shamba. Akatafuta watu wa kupalilia, hakupata, kwa sababu kila familia ilikuwa kwenye shamba lake. Viwavi vikaingia ndani ya moyo wa mahindi. Magunia aliyovuna hayakulipa hata mazuti ya trakta.

Mwaka uliofuata aligonjwa, akafa. Yule shefu naye alikuwa amekufa. Mpwa wa shefu akakuja kwa mjane, akamwambia: "Mama, hiyo karatasi ilikuwa ya muzee na muzee. Bote bamekufa." Mama akatuletea karatasi, akatuuliza kama sheria iko upande wake. Tukasoma. Mipaka haikuandikwa. Jina la mama halikuwa pale. Hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuiona. Tulikuwa na diplome ya institut, lakini hatukuwa na jibu. Alirudi mjini kwa binti yake, na nyumba ya mabati ikabaki.

Sisi pia tulikosa. Mwaka wa kwanza tulitembelea lile shamba mara tatu. Tulimfundisha mzee nafasi kati ya mistari, tukamwambia kilo 25 za mbegu kwa hektari, tukaongea juu ya mbolea. Hata siku moja hatukumuuliza: "Baba, hii bulongo uliipata namna gani?" Tuliona mahindi, hatukuona mtu aliyehama.

Sasa tuangalie mwingine. Mama mmoja, mwalimu aliyeacha kazi, alikuja kwa mlango wa kooperative. Wanamemba walimwazima nusu hektari kwa msimu mmoja. Akapanda karanga, mihogo, na mahindi kidogo. Alikaa kwenye chumba cha kupanga, hakujenga. Msimu huo ulimfundisha mambo ambayo hakuna agronome angeweza kumwambia kwa siku moja. Alijua maji yanachotwa wapi mwezi wa kumi, wakati visima vinakauka. Alijua nani anaweza kumsaidia kupalilia na kwa bei gani. Alijua moto inachukua saa ngapi mpaka centre de santé. Na lile shamba la bondeni alilolitamani sana alipofika, mwezi wa pili aliliona limejaa maji. Mwisho wa mavuno akachagua fasi ingine, hektari moja na nusu tu. Akatuambia: "Nilizanaka mugini iko fasi ya kupumuzika. Kumbe iko kazi, lakini ni kazi yenye niliyichagula."

Tunajua wengine kati yenu watatupinga. Kuna wanaosema: "Yeye iko na franga, anunue tu. Shefu anakula, sisi tunapata kazi ya kulima." Ndugu, hiyo ni faida ya msimu mmoja. Mzee akimaliza feza zake hatawapa kazi tena. Atakuwa jirani mwenye njaa, ao atakwenda, na habari itafika mjini kwamba hapa kwenu watu wanaliwa.

Wengine wanasema: "Tukiwakaribisha, watatunyanganya kooperative. Wanajua Kifaransa, watakuwa maprezida." Hofu hiyo iko na maana, tumeona ikitokea. Lakini dawa yake munayo tayari. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya makooperative inasema kila mwanamemba ni sauti moja, hata kama ameleta feza nyingi. Kwa mawazo yetu, mgeni akae miaka miwili mbele ya kuomba kiti kwenye komite. Ndani ya hiyo miaka, yule aliyeshika vitabu vya hesabu kazini asaidie kuangalia vitabu vyenu. Mtamjua, naye atawajua.

Kwa hiyo tunaomba kila kooperative ikamate mpango huu:

Kwanza, mtenge kipande kidogo cha kumwazima mgeni msimu mmoja, kisizidi nusu hektari. Mtu wa miaka 60 hawezi kupalilia hektari 10, na pansio haiwezi kulipa wapaliliaji kila mwaka.

Pili, kama anataka kununua, watu wawili wa komite wamsindikize. Sheria ya bulongo ya mwaka 1973 inasema bulongo yote ni mali ya Serikali. Shefu anaweza kukubali mtu alime, na heshima yake ni lazima, lakini karatasi ya shefu peke yake haitoshi. Inapaswa ankete ifanywe, mipaka ipimwe na majirani wakiwepo, kisha kontra itoke kwenye ofisi ya serikali ya mambo ya bulongo. Waulize pia Cadastre minier kama hakuna permis ya mine juu ya lile shamba. Hapa kwetu swali hilo lisisahaulike.

Tatu, jina la bibi liandikwe pamoja na la bwana. Sheria ya familia ilibadilishwa mwaka 2016, na mwanamke mwenye ndoa haombi tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi. Baba, kama unampenda bibi yako aliyekufuata mugini, umwonyeshe hapo. Kama yule mama tuliyemtaja angekuwa na jina lake kwenye kontra, mpwa wa shefu angekuja kumsalimia tu.

Nne, nyumba ijengwe nyuma ya mavuno ya kwanza. Mabati hayakimbie. Feza ikishafungwa ndani ya kuta, hakuna wa kuitoa siku mvua itachelewa ao ugonjwa utaingia.

Kwa ninyi wazee mnaosoma haya mkiwa bado mjini: kujeni kwanza kutembea, mwezi wa kumi wakati wa joto na mwezi wa pili wakati wa matope. Kujeni na bibi, naye aseme anachokiona. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 anastahili fasi yake ya kukaa. Sisi tunataka aipate na aikae mpaka mwisho, na yule atakayebaki nyuma yake asifukuzwe.

Mkutano mkuu wa kila kooperative unafanyika mbele ya mvua. Muweke jambo hili kwenye orodha. Sisi tutakuja, na mara hii tutauliza lile swali la bulongo mbele ya kuongea juu ya mbegu. Muamue upesi, mvua haingojake.