Fidla Ikilalamika, Viola Hujibu

Ukitaja Viola hapa mjini, watu wanadhani unamsema dada fulani wa Moshi. Mpenzi msomaji, huyo leo tumwache. Viola ya mwezi huu ni chombo cha muziki. Ukiitazama kwa mbali utaapa ni fidla, maana inashikwa vilevile chini ya kidevu na kupigwa kwa upinde. Ila ni kubwa kidogo, na sauti yake iko chini zaidi, ya kifuani, kama ya mtu anayezungumza saa tano usiku watoto wameshalala.

Kwenye gari letu kuna CD moja ya viola ambayo huwa tunaiweka tukienda Bagamoyo, hasa tukishaponyoka foleni ya Tegeta. Ni muziki wa Mozart unaoitwa Sinfonia Concertante. Aliutunga mwaka 1779 akiwa na miaka 23, kwa fidla moja na viola moja, okestra ikiwa nyuma yao. Na sehemu ya kwanza mume wangu hana ugomvi. Ikifika ya pili, ile ya polepole, lazima aulize: "Mama, nani kafa?"

Si kwamba anaropoka. Sehemu hiyo iko kwenye ufunguo wa C maina, na maina ndiyo ile milio ambayo masikio ya wengi huipeleka moja kwa moja kwenye majonzi. Isitoshe, Julai 1778 mama yake Mozart alifariki huko Paris, kijana wake akiwa naye. Wapo wanaounganisha mambo hayo mawili. Mimi sina haraka hiyo. Mtu anaweza kutunga huzuni hata siku ambayo kaamka na furaha zake.

Lakini hebu sikiliza kinachotokea. Fidla inaanza kulalamika, kwenye maina hiyohiyo. Viola imenyamaza, inasubiri mwenzake amalize. Halafu inajibu kwa mwendo uleule, bila kukimbia, na wakati inajibu muziki unahama taratibu kwenda E-flati meja. Ni kama mtu kafungua dirisha la chumba cha mgonjwa. Hapo ndipo ninapobishana na mwenzangu, kwa sababu yeye anaupima muziki kwa mwendo tu. Ukienda pole, basi ni msiba.

Kwani taarab asilia inaendaje, jamani? Waulize Ikhwani Safaa wa Unguja, walioanza mwaka 1905, au Culture Musical Club walioanza 1958. Fidla zinalia, wimbo unajivuta, na bado kina mama wanainuka na noti mkononi kwenda kutunza, huku kijembe kikimlenga mtu aliyekaa viti vya nyuma. Nani kafa hapo? Polepole ni nafasi ya neno kufika linakokwenda, liwe la kuumiza au la kubembeleza.

Sasa kuna jambo moja la kiufundi kwenye huu muziki ambalo nalipenda kuliko yote. Viola ikisimama kando ya fidla ni rahisi kumezwa. Sauti yake ni nzito, haikati. Mozart alilijua hilo, maana viola alikuwa anaipiga mwenyewe. Basi alichofanya, okestra nzima iko E-flati, lakini mpigaji wa viola alimwandikia kwenye D, na akataka akaze nyuzi zote nne zipande kwa nusu sauti. Nyuzi zilizokazwa hung'aa zaidi, na kwenye D zile zisizobonyezwa na kidole hupata nafasi nzuri ya kuvuma. Siku hizi wapigaji wengi hawahangaiki nayo, wanapiga hivyohivyo bila kukaza. Sawa, vyombo na nyuzi vimebadilika. Ila fikiria: fidla haikuambiwa ishushe sauti. Mwenye sauti ya chini ndiye aliyetengenezewa njia ya kusikika. Majumbani kwetu mmoja anaongea juu kwa juu, mwingine akichelewa kujibu anaambiwa kanuna, na mazungumzo yameishia hapo.

Kuhusu rekodi, usinunue tu kwa sababu ya picha ya kwenye kava. Ipo ya Jascha Heifetz na William Primrose ya mwaka 1956. Kwa ufundi sina neno, wale ni mabingwa, lakini wanakwenda mbio mno. Kwangu mimi viola ya Primrose pale inajibu kama mtu anayetafuta funguo za gari huku akisema "ndiyo, ndiyo, nakusikia". Tunayoipiga sisi ni ya David Oistrakh na mwanawe Igor. Baba alikuwa na jina dunia nzima kwa kupiga fidla, lakini humo fidla kamwachia mtoto, yeye kashika viola. Mwendo wao una pumzi. Unasikia kabisa mmoja akimngoja mwenzake.

Mkiipata, msisikilize wote kitu kimoja. Mmoja afuate fidla, mwingine viola, kisha mwambiane kila mtu kasikia nini. Sisi tukifika Kerege tunabadilishana.