KILIO CHA KIJANA NA SIKIO LA MASHINE

Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa taarifa za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 727,000 ulimwenguni walijiua; na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo.

Vijana wengi wa leo hawamwambii jirani uchungu wao. Huuandika katika simu. Ndiyo maana wataalamu wameifundisha mashine kuyasoma maneno hayo na kupiga mbiu. Mwaka 2017 Facebook ilianza kazi hiyo Marekani, kisha ikaieneza kwingineko, isipokuwa katika Umoja wa Ulaya, ambako sheria za kulinda siri za mtu ni kali.

Nia ni njema, lakini yataka hadhari. Oktoba 2014, chama cha hisani cha Samaritans huko Uingereza kilitoa programu iliyochungua maandishi ya watu katika Twitter na kuwapasha habari waliowafuata. Waliochunguzwa hawakuombwa ruhusa. Watu walilalamika kwamba hata adui angeweza kujisajili, apate kuijua saa ya unyonge wa mwenziwe. Siku kumi hazikutimia, programu ikasimamishwa.

Huko Marekani, shirika la Crisis Text Line, lililoanza 2013, hupokea ujumbe wa simu wa wenye dhiki. Mashine humtambua aliye hatarini zaidi, naye mtu humjibu kwanza. Utaratibu huo ni mzuri. Hata hivyo, mwaka 2022 ilifichuka kwamba maongezi hayo, yakiwa yameondolewa majina, yaligawiwa kampuni ya biashara. Lawama zikazidi, mpango ukavunjwa.

Mashine basi yaweza kunusa moshi. Kuzima moto ni kazi ya binadamu. Tena mbiu haifai kitu ikiwa anayeitikia ni polisi mwenye pingu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, chapingana na Katiba. Uamuzi huo ni wa haki, kwani kijana aogopaye kushtakiwa hatasema wala hataandika.

Twasema wazi: kilio cha mtu kisifanywe bidhaa, wala asichunguzwe bila ya ridhaa yake. Nasi wazazi na walimu tusingoje mbiu ya mashine. Kijana anayejitenga aulizwe hali leo, na akijibu, asikilizwe bila ya kukemewa.