Daftari la Maktaba Lisiuzwe kwa Kilo

Habari iliyoenea shuleni mwaka huu ni kwamba maktaba yetu itasafishwa. Neno lililotumika ni hilo, "kusafishwa", nami sina ugomvi na ufagio. Vitabu vya Gredi ya 10 vimeletwa, rafu hazitoshi, na sisi wa Kidato cha Tatu ndio mkia wa 8-4-4. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 na tukijaliwa tutafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Baada yetu vitabu vyetu vitamfaa nani? Basi imependekezwa kwamba vikuukuu vyote vilivyo katika stoo ya nyuma vipimwe kwenye mizani na kuuzwa. Pamoja navyo yatauzwa madaftari manne makubwa yenye majalada meusi, ambayo wanafunzi wengi hawajui hata ni ya kazi gani.

Ni hayo madaftari yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi ni kiranja wa maktaba, na nakiri kwamba vitabu vingine viende, tena vimechelewa kwenda. Kitabu cha hesabu kilicholiwa na mchwa mpaka sura ya nane hakina wa kukililia. Lakini daftari la maktaba si kitabu kikuukuu. Ni ushahidi, na ushahidi hauuzwi kabla ya kesi kusikizwa.

Kesi gani? Kesi yenyewe ni sisi wanafunzi. Kila mara tukiwa paredi tunaambiwa eti wanafunzi wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu, wenzao wa zamani walikuwa wakila vitabu kama mandazi. Maneno haya yamerudiwa mpaka sisi wenyewe tumeyaamini. Lakini ni nani aliyeyapima?

Katika Kidato cha Kwanza tulifundishwa vyanzo vya historia: maandishi, masimulizi, vitu vya kale, lugha na kadhalika. Tukakariri Olduvai na Olorgesailie, tukapata alama zetu, tukasahau. Wengi wetu tulidhani njia hiyo ni ya mifupa na wafalme tu. Kumbe wataalamu wa ukutubi nao huitumia. Maktaba ina historia yake, na anayetaka kuiongoza vizuri hutafuta nyaraka zake, huzihakiki, huwauliza waliokuwapo, kisha hulinganisha. Hiyo ndiyo kazi niliyoijaribu kwa madaftari yale manne, baada ya saa kumi kila siku, kabla ya mzee wa lango kunifukuza.

Daftari la kwanza linaonyesha kila kitabu kilichopokelewa: namba, tarehe, jina la kitabu, mwandishi, bei na kilikotoka. Safu ya mwisho ndiyo iliyonishika. Katika kurasa za mwanzo imeandikwa "mchango wa wazazi", chini yake alama za kurudia, ukurasa baada ya ukurasa. Shule yetu ilianza kwa Harambee, hilo tunalijua, lakini sisi hufikiria Harambee kuwa mawe na mabati. Hapa kuna watu waliouza kuku na ndizi ili mtoto wa jirani asome riwaya. Baadhi yao nadhani hawakujua kusoma. Hakuna jiwe la msingi lililowataja, ila hiyo safu moja tu.

Jambo la pili liko ndani ya vitabu vyenyewe. Nyuma ya kila kitabu imebandikwa karatasi ya tarehe, na kila kilipoazimwa kiligongwa muhuri. Nilifungua riwaya na tamthilia zote za Kiswahili zilizo stoo. Mihuri imejaa tele katika miaka ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, mingine imepandana kwa kukosa nafasi. Halafu inakatika ghafla, kana kwamba shule nzima ilipofuka siku moja. Hakuna muhuri hata mmoja baada ya Februari 1998.

Hapo mtu mwenye haraka angesema: ehe, hapo ndipo usomaji ulipokufa! Polepole, bwana. Pengine wino wa muhuri ulikwisha. Pengine waliacha kugonga wakaanza kuandika kwingine. Waraka huulizwa maswali kama shahidi kortini, hauaminiwi kwa kuwa ni mzee. Nikaenda kwenye daftari la nne, la wanaoazima, nalo likakatika mwezi huo huo. Mashahidi wawili wa maandishi wamekubaliana. Bado hawajasema sababu.

Sababu niliipata langoni. Mzee wetu wa lango alisoma shule hii, akarudi kufanya kazi hapa. Nilimwamkia, nikamuuliza maktaba ilifungwa lini. Hakunipa mwaka. Aliniambia, "Mwanangu, ilikuwa ile mvua ya El Nino. Madarasa mawili ya mabati yaliangushwa, wanafunzi wakahamishiwa maktaba, vitabu vikatupwa stoo. Walisema ni kwa muda." Mvua za El Nino zilinyesha kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi mwanzo wa 1998. Linganisha na muhuri wa mwisho. Nilisisimka, msomaji, sikufichi.

Lakini mzee naye ni chanzo, na chanzo huhakikiwa. Aliniambia pia kwamba wao walikuwa wakimaliza vitabu vitatu kila wiki. Daftari linasema kila mwanafunzi aliruhusiwa kitabu kimoja kwa wiki mbili. Nilimwonyesha, akacheka mpaka akakohoa, akasema basi labda vingine walisomeana kitandani. Kumbukumbu huongeza chumvi bila kukusudia, na ndiyo sababu daftari lazima liwepo ili chumvi ionjwe.

Sasa turudi kwenye ile kesi. Simu za mkononi zilianza kuenea kwa wananchi wa kawaida baada ya mwaka 2000. Katika shule hii, kuazima vitabu kulikatika miaka miwili kabla. Kabla simu haijaingia mfukoni, mlango ulikuwa umefungwa. Sisemi simu ni malaika, wala sisemi shule moja inaweza kushuhudia kwa niaba ya Kenya nzima. Nasema tu kwamba hapa kwetu mshtakiwa wa kwanza si simu. Na kama tatizo ni mlango, dawa yake si hotuba ya paredi.

Si shule ndogo tu zinazohitaji kuulizwa maswali haya. Nairobi kuna Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, jengo la nguzo ndefu na simba wawili wa mawe mlangoni, lililofunguliwa mwaka 1931. Mtu anayehesabu majengo ataandika kwamba mji huo umekuwa na maktaba tangu mwaka huo. Ni kweli, tena ni nusu ya kweli. Mwanahistoria atauliza: maktaba ya nani? Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1958. Miaka 27 nzima watu walipita nje ya simba wale. Hapo katikati, mwaka 1948, East African Literature Bureau iliundwa ili kuchapisha vitabu vya wasomaji Waafrika, nayo ikawa ikipeleka vitabu mashambani kwa masanduku. Huduma ya Maktaba ya Taifa ilikuja kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na kufikia 1996 vitabu vilikuwa vikibebwa kwa ngamia huko Garissa. Ukiitazama historia hiyo utaona shida yetu haikuwa watu kuchukia kusoma. Shida ilikuwa nani ana ufunguo. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilijitwika kazi ya kukarabati McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kupanga na kuorodhesha nyaraka za zamani zilizokutwa humo. Wao hawakuanza kwa mizani.

Mwenzangu mmoja wa darasani ameniambia, "Si upige picha kwa simu halafu daftari liuzwe?" Kupiga picha ni vizuri, na tupige. Lakini picha haitoshi. Katika daftari la pili kuna kurasa za miaka mitatu zilizoandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja, bila doa. Mimi nashuku zilinakiliwa baadaye kwa mkupuo, labda mkaguzi alikuwa anakuja! Ukishika karatasi yenyewe, ukaona kalamu ilivyoikandamiza, utaweza kubishana nami. Ukiwa na picha utaniamini tu.

Ombi langu kwa walimu wetu, kwa heshima zote, ni dogo. Madaftari manne yatolewe katika rundo la kuuzwa na kuwekwa ofisini chini ya kufuli. Vile vitabu vinavyouzwa, chama chetu kipewe siku mbili za kubandua karatasi za tarehe kabla havijafungwa kamba. Na riwaya ambazo mihuri inaonyesha zilikuwa zikigombaniwa mpaka mwezi wa mwisho zirudishwe rafuni, hata kama hazimo katika mtaala wa Gredi ya 10, tuone kama hazitagombaniwa tena.

Wanunuzi wa karatasi watakuja kabla ya likizo ya Desemba. Madaftari yako kwenye rafu ya chini, upande wa dirisha, chini ya ramani ya Afrika iliyoviringishwa. La tatu halina jalada la mbele, kwa hiyo ukilihamisha lishike kwa mikono miwili.