Bahari Haina Kodi: Neno kwa Wazazi Wanaotafuta Hoteli ya Bei Nafuu Mombasa



Ndugu wazazi, kila likizo inapokaribia hapa Kampala huwa tunaulizwa swali lile lile: "Ustadh, tunataka kuwapeleka watoto Mombasa waione bahari, lakini hoteli ni ghali. Tufanyeje?" Wengi huishia hapo hapo, na safari ikaahirishwa mwaka hadi mwaka. La ajabu ni kwamba baba wa nyumba hiyo hiyo huenda ameshafika Mombasa mara kumi kufuatilia mzigo wake bandarini, kwani bidhaa nyingi zinazoingia Uganda hupitia pale. Yeye anaijua Mombasa kwa macho. Mkewe na wanawe wanaijua kwenye ramani tu.

Sisi tunaona kwamba kosa liko kwenye swali lenyewe. Watu huuliza, "Hoteli gani ya ufukweni ina bei ndogo?" Swali la familia ni jingine: "Wapi tutalala, tutakula na kusali kwa amani, pesa zikabaki za kutufikisha baharini na kuturudisha nyumbani?" Ukiuliza hivyo, jibu aghlabu haliwi hoteli ya ufukweni. Jibu huwa ni nyumba ya wageni mjini.

HOTELI HAIUZI BAHARI

Wengi hudhani kwamba anayelala hoteli ya ufukweni ndiye mwenye haki ya ufuo. Sivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Yaani mchanga ule wanaochezea watoto wa tajiri ni wa kila mtu. Hoteli inakuuzia kitanda, bwawa la kuogelea na ukuta. Bahari imekwishatolewa bure na Mwenyezi Mungu, wala hakuna anayeidai kodi.

Pale Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, upo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates. Matatu za Mtwapa zinazotoka mjini hupita karibu yake. Na kwa jioni, ndani ya kisiwa chenyewe kuna Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2019. Familia nzima inaweza kukaa chini ya mibuyu, ikapigwa na upepo, ikala mihogo ya kukaanga na kunywa madafu, na meli kubwa zikipita mbele yao kuingia bandarini. Mtoto wa Kampala akiiona meli iliyobeba makontena ndipo ataelewa mashati ya dukani kwa baba yake yanatoka wapi.

HESABU YA FAMILIA

Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto wanne. Bei tunazozitaja ni za mfano tu, kwa shilingi za Kenya; kila mtu aweke zake atakazozipata.

Tuseme hoteli ya ufukweni inatoza 5,000 kwa chumba, na haikubali zaidi ya watu watatu chumba kimoja. Vyumba viwili ni 10,000 kwa usiku. Chai ya asubuhi imo, lakini chakula cha mchana na cha usiku mtakula hapo hapo kwa kuwa hakuna mgahawa wa karibu. Kwa 700 kila mtu kwa mlo, watu sita kwa milo miwili ni 8,400. Siku moja imekula 18,400.

Sasa tuseme nyumba ya wageni mjini inatoza 2,000 kwa chumba. Vyumba viwili ni 4,000. Milo mitatu kwa 250 kila mmoja, watu sita, ni 4,500. Matatu kwenda ufuoni na kurudi, 200 kwa kila mtu, ni 1,200. Jumla 9,700. Tofauti ni 8,700 kwa siku, na kwa siku nne ni 34,800.

Pesa hizo si kidogo. Nauli ya treni ya Nairobi kwenda Mombasa kwa daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500. Hata kwa nauli hiyo mpya ya mtu mzima, watu sita kwenda na kurudi ni 18,000. Basi tofauti hiyo imewalipia treni wote, na sehemu kubwa ikabaki. Kwa mzazi mwenye ada ya shule ya kulipa likizo ikiisha, hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kukopa ili tulale penye bwawa la kuogelea, kisha mtoto arudishwe nyumbani kwa kukosa ada, ni israfu hata kama picha zilipendeza.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwanza, ulizeni bei ya raia wa Afrika Mashariki. Hoteli nyingi za Kenya zina bei ya wenyeji na bei ya watalii wa mbali, na mkinyamaza huenda mkatozwa ya pili. Ni hivyo hivyo hata Fort Jesus, ile ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593: kiingilio cha mtu wa Afrika Mashariki si sawa na cha mtalii wa Ulaya. Nendeni na vitambulisho.

Pili, ulizeni maji. Mombasa ina shida ya maji ya miaka mingi, na sehemu nyingi maji ya bomba huja kwa zamu. Nyumba isiyo na tanki kubwa itawafanya mnunue maji ya madumu, tena kwa ajili ya kuoga na kutawadha. Ulizeni pia kama maji ni ya kisima cha chumvi.

Tatu, ulizeni chumba cha juu chenye madirisha mawili, feni na neti. Chumba kama hicho chenye kupitisha upepo humpunguzia mtu haja ya kulipia kiyoyozi.

Nne, ulizeni msikiti na chakula. Mji wa Kale una misikiti kila baada ya hatua chache, ukiwamo msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa karibu mwaka 1570. Mahamri na mbaazi asubuhi, pilau mchana, mishkaki na viazi karai usiku, vyote vya halali na vya bei ya mwananchi. Hiyo ni raha ambayo mama hulazimiki kuulizia jikoni.

Tano, msitume pesa za simu kwa mtu msiyemjua kwa sababu ya picha nzuri za mtandaoni. Pigeni simu, na ikiwezekana mtumeni ndugu au mfanyabiashara mwenzenu aliyeko Mombasa akaione nyumba. Kama hamna mtu, lipieni usiku mmoja tu, mengine mkifika.

Na kabla ya yote hayo, tazameni hati za safari. Tangu 2014 raia wa Uganda, Rwanda na Kenya wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Watoto wadogo hawana kadi hiyo, basi fikeni ofisi ya uhamiaji mapema mjue wao watavukaje.

WAKATI WA KWENDA

Disemba watu wa Nairobi huteremka pwani kwa wingi, na bei hupanda. Likizo yetu ya Mei huangukia masika: mvua zipo, lakini vyumba vipo vitupu na mwenye nyumba husikiliza. Kwa familia inayochunga sitara, nendeni ufuoni siku za kazi, asubuhi na mapema baada ya Alfajiri. Jua halijakuwa kali, watu ni wachache, na akina mama wanaweza kuingia majini na nguo zao za stara bila kukodolewa macho. Waulizeni wenyeji saa za maji kupwa na kujaa, kwani hubadilika kila siku, na msimwache mtoto asiyejua kuogelea hata dakika moja. Bahari si ziwa.

WANAOPINGA

Wapo watakaosema hoteli ya ufukweni ina utulivu na uwanja wa watoto. Ni kweli, na mwenye uwezo wa halali hatumzuii. Aliye na mzee asiyeweza kupanda ngazi wala kuhangaika na matatu, pengine ufukweni ndiko kunakomfaa. Maneno yetu ni kwa yule anayevunja safari kwa kudhani njia ni hiyo moja tu.

Na neno moja tuwausie: bei nafuu isipatikane kwa dhulma. Kupatana bei ni jambo la kawaida pwani, lakini msilale watu sita mkaandikisha watatu, wala msimsahau dada anayefagia vyumba na kufua mashuka yenu yenye mchanga.

Akina baba, mmeiona bahari mara nyingi mkiwa peke yenu na makaratasi ya mzigo mkononi. Likizo ijayo chukueni kalamu, mkae na mama watoto mpige hesabu hii pamoja. Huenda mkakuta safari mliyoiahirisha miaka mitano mnaiweza mwaka huu.

Wabillahi tawfiq.