Kabla ya Kung'oa Jino, Taja Moyo Wako

Nani kati yetu hajaona mtu aliyeshika shavu usiku kucha, na asubuhi akakimbia kwa mganga wa meno na neno moja tu: « Ling'oe! » Mganga amuuliza: « Una ugonjwa mwingine? » Ajibu: « Hapana, ni jino tu. » Kumbe mwaka uliopita alipasuliwa moyo akatiwa vali ya chuma! Hakukusudia kusema uongo. Hakuona tu jino na moyo vina udugu gani.

Udugu uko. Kinywani mwa kila mtu mnaishi vijidudu vingi mno. Jino likitoka, mishipa midogo ya ufizi hupasuka, navyo huingia katika damu. Mwaka 1935, huko Uingereza, waganga Okell na Elliott walipima damu ya watu waliong'olewa meno, wakavikuta kwa zaidi ya nusu yao.

Mwenye moyo mzima hadhuriki, kwani damu yake huvimaliza upesi. Lakini moyo una milango minne midogo, ndiyo vali, ifungukayo na kufungika kila pigo. Vali ikiwa imeharibika, au ikiwa ya kutengenezwa, vijidudu hupata mahali pa kushika na kujenga kiota. Ugonjwa huo huitwa endokaditi. Ni wa nadra, lakini mkali: hula vali, tena vipande vya kiota vikichukuliwa na damu mpaka ubongoni huleta kupooza.

Kwa hiyo, mwaka 1955, Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri wagonjwa wa moyo wapewe antibiotiki, yaani dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kazi ya meno. Orodha ya wenye kuipewa ikawa ndefu miaka mingi. Mwaka 2007 chama kile kile kiliifupisha. Kwa sababu gani? Walitambua kwamba kutafuna na kupiga mswaki huingiza vijidudu katika damu mara nyingi kuliko mganga wa meno. Basi kinywa safi cha kila siku hukinga kuliko kidonge cha siku moja. Tena dawa itolewayo ovyo huvizoeza vijidudu kuishinda. Mimi naona walifanya vema.

Waliobaki ni hasa wenye vali ya kutengenezwa, waliokwisha kuugua endokaditi, na waliozaliwa na kasoro fulani kubwa za moyo, kama wale ambao midomo yao hugeuka rangi ya samawati, nao hawajapasuliwa. Mtu mzima hupewa amoksisilini gramu 2, mara moja tu, dakika 30 mpaka 60 kabla ya kazi. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Si dawa ya juma zima, wala si kidonge kilichobaki kabatini. Asiyepatana na penisilini amwambie mganga mapema, apewe nyingine.

Sasa neno kwa wazazi wa mtoto ambaye moyo wake uliharibiwa na homa ya viungo, ile inayofuata maumivu ya koo. Mtoto huyo huchomwa penisilini kila majuma matatu au manne. Wengine husema: « Amekwisha kuchomwa, basi jino ling'olewe. » Sivyo! Sindano ile huzuia homa ya viungo isirudi. Vijidudu vya kinywani huenda vimekwisha kuizoea. Ikimpasa dawa kabla ya jino, mganga atachagua ya namna nyingine. Na kama vali zake ni zile alizozaliwa nazo, waganga wenyewe hawapatani: Wamarekani hawampi, Waaustralia humpa. Mganga wake wa moyo aamue, aandike katika karatasi, na mtoto aichukue kila aendapo kutibiwa.

Wengine kwa hofu huacha jino bovu lioze kinywani. Hilo ni baya zaidi, kwa maana ufizi wenye usaha humwaga vijidudu kila siku.

Na homa ikija siku au majuma baada ya jino, isiishe, msinunue vidonge sokoni. Nendeni hospitali, mtaje jino na moyo pamoja. Damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa ikitangulia, vijidudu hujificha, na mganga hajui tena anapigana na adui gani.