Safari ya Mafia haipangwi kwa ratiba ya ligi

Grupu letu la WhatsApp limeamka. Lilikuwa kimya tangu mwaka jana, lakini wiki hii jamaa mmoja kaposti picha ya mahema yamepangwa ufukweni, chini yake kaandika: "Wadau, ligi ikiisha tu, Mafia." Ndani ya nusu saa meseji zilishafika 87. Watu wamechagua rangi ya jezi za safari, wamebishana nani atakuja na spika, na wa Simba na wa Yanga wameshatupiana vijembe vya kutosha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bahari inakuwaje mwezi huo.

Najua wasomaji wengi wa kurasa hizi mna grupu kama hilo. Limeanzia kibanda umiza au tawini, mmezoea kukodi gari pamoja kufuata timu Morogoro au Dodoma, halafu siku moja mtu anasema sasa twendeni mahali pasipo na mechi, tukalale kwenye mahema, tuchome samaki. Wazo zuri kabisa, na mimi nalipenda. Ila safari hii sikubali tarehe, na kwa kuwa kwenye grupu meseji yangu imezama chini ya picha za jezi, naisema hapa.

Mwaka jana tulikuwa 14. Mpango ulikuwa tuondoke Dar es Salaam mara baada ya dabi ya Kariakoo. Wenye kumbukumbu wanajua dabi ile ilivyokwenda. Ilikuwa Machi 8, ikaahirishwa. Ikapangwa Juni 15, sisi tukaomba likizo na kuchangishana kwa tarehe hiyo. Ikasogezwa tena hadi Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Na sisi, badala ya kwenda na tarehe yetu, tukasogea na dabi! Waliokuwa na ruhusa ya kazini ya katikati ya Juni wakaanza kudanganya mabosi wao kwamba wana msiba. Mmoja alimuua shangazi yake kwa mara ya pili.

Hilo la likizo ni dogo. Kubwa ni kwamba ligi yetu kwa kawaida humalizika Mei au Juni, na kipindi hicho pwani yetu iko kwenye kusi. Mvuvi yeyote wa Kunduchi au Kigamboni atakwambia. Upepo wa kusi unashika kuanzia Aprili hivi, na Juni mpaka Agosti ndipo unapovuma kwa nguvu zote. Mawimbi yanainuka, vyombo vidogo vinakaa ufukweni. Kaskazi ikiingia, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, mambo yanabadilika, bahari inatulia na papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni. Yaani sisi mashabiki, kwa kufuata msimu wa mpira, tunachagua miezi ileile ambayo wenye bahari yao wanaikwepa. Halafu tunashangaa kutapika.

Tuliondoka Ijumaa, Juni 27, alfajiri, magari mawili: Land Cruiser ya zamani ya mshikaji wetu fundi, na Noah ya kukodi. Mkuranga, Kimanzichana, mpaka Bungu lami tupu, muziki juu. Bungu unakata kushoto kwenda Nyamisati, zaidi ya kilomita 40, na hapo Noah ikaanza kuonyesha kwamba haikusajiliwa kwa mechi za aina hii. Tulifika bandarini mchana, vumbi mpaka kwenye kope.

Kivuko cha kubeba magari hakikuwa safarini siku ile. Nisimlaumu mtu. Hatukupiga simu kuuliza. Kati ya meseji zaidi ya elfu moja za kupanga safari, hakuna aliyejipa kazi ya kuulizia kivuko kinatoka lini na saa ngapi. Na Nyamisati siyo stendi ya Magufuli. Ni bandari ya ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, vyombo vinasubiri maji yajae ndipo vitoke, na saa ya maji kujaa inasogea kama dakika 50 kila siku. Saa iliyokuwa sahihi wiki iliyopita wiki hii haifai.

Akaja kijana mmoja. Ana mashua ya mbao yenye injini, anaweza kutuvusha hadi Kilindoni, magari tuyaache, bei tuelewane. Watu 14, mahema, madumu ya maji, mkaa, sanduku la vinywaji na spika yenye ukubwa wa friji ndogo. Nikauliza jaketi okozi yako mangapi. Akasema matano, lakini yeye hajawahi kuzama.

Nawaambia ukweli, nilikuwa kwenye kundi la kupanda. Tulikuwa tisa tuliotaka kupanda. Tulishachoka, tulishalipa, na kulikuwa na ule mzuka wa kundi, kama jukwaa zima linapoimba, huwezi kukaa. Dada mmoja wa Yanga, mdogo kuliko wote, ndiye aliyekataa. Akaambiwa mwoga. Akaambiwa ndiyo maana wanawake hawatakiwi kwenye safari za wanaume. Akakaa juu ya begi lake, hakujibu kitu.

Pembeni palikuwa na mzee anashona wavu. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaendelea na kazi yake. Baadaye akasema bila kutuangalia: "Wanangu, hilo kusi. Mkitaka kwenda nendeni, lakini simu na vitambulisho viacheni hapa kwangu, tujue pa kuwapigia."

Hakuna aliyecheka. Nikakumbuka MV Spice Islander, Septemba 2011, kule Nungwi. Nikakumbuka MV Nyerere, Septemba 2018, pale Ukara, kivuko cha abiria 101 na miili zaidi ya 200 iliyoopolewa. Vile vilikuwa vyombo vikubwa kuliko ile mashua, na kilichoviua ni kitu kilekile tulichotaka kufanya, kujazana kwa sababu tumeshafika na hatutaki kurudi.

Tukalala Nyamisati, kwenye mahema, mbu wakila kwa zamu. Asubuhi sita walirudi Dar na Noah, siku zao za ruhusa zilikuwa zimekwisha kabla hawajaona kisiwa. Sisi wanane tulisubiri, kivuko kikaja, tukavuka na Land Cruiser. Na hata ndani ya kivuko, kwa kusi lile, nahodha wetu wa timu ya mtaani, beki katili asiyeogopa mtu, alishika bomba kwa mikono miwili mpaka Kilindoni.

Kisiwani sasa. Watu wanadhani Mafia ni hoteli za kule Utende tu. Sisi tulielekea kaskazini, njia ya Bweni na Ras Mkumbi kwenye mnara wa taa, kama kilomita 50 kutoka Kilindoni. Kuna vipande vya mchanga ambavyo Land Cruiser inazama kama haina matairi. Dereva wetu akafanya kosa la wageni wote, akakanyaga mafuta. Kadiri anavyokanyaga, ndivyo gari linavyojichimbia kaburi. Walitutoa vijana wa kijijini, wawili wana jezi za Simba, mmoja ya Yanga, na dawa yao ilikuwa rahisi: toeni upepo. Tairi lenye 32 ukilishusha mpaka kama 20 linatanuka na kukanyaga juu ya mchanga badala ya kuukata. Gari likatoka kama mchezo. Tatizo likaja baadaye, kwa sababu hatukuwa na pampu ya kurudishia upepo. Tulikuwa na jezi 14 mpya za safari, shilingi 25,000 kila moja, jumla 350,000 kutoka mfuko wa michango. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ingelipwa na jezi chache tu kati ya hizo, na chepe pia, na kamba ya kuvutia.

Hapo ndipo namgeukia mweka hazina, ambaye ni rafiki yangu na bado ananidai. Tulichangia 150,000 kila mtu, zikawa milioni mbili na laki moja. Hela ikitoka kwa jezi na spika kwanza, kinachobaki ndicho kinapelekwa kwenye mafuta, maji na nauli. Ni usajili wa klabu zetu uleule. Straika wa kupokelewa uwanja wa ndege ananunuliwa mapema, kipa wa akiba anatafutwa dirisha linapofungwa. Hatukuwa hata na shilingi ya dharura. Je, mtu angevunjika mguu kule Bweni, tungemtoa kwa hela gani?

Kosa la tatu lilikuwa la usiku wa kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri, akatuonyesha eneo la kupiga kambi, juu kidogo, kwenye minazi. Sisi tukaona mbali na maji. Tukashusha mahema mpaka mchangani, picha zitoke vizuri. Mwezi ndio kwanza ulikuwa umeandama, maana yake bamvua. Bahari iliingia kwenye hema langu, taratibu, kama mwenye nyumba. Mkaa ukalowa wote. Kama tungesubiri siku saba tungekuta maji mafu, lakini nani kwenye grupu la mpira anatazama mwezi?

Jumapili wenyeji wakatualika mechi ufukweni. Tulifungwa 5-1. Siku hiyohiyo Yanga walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Singida Black Stars kule Amaan, Zanzibar, na wenzetu wa Jangwani waliikosa, wakaisikiliza kwenye redio ya gari milango ikiwa wazi, wavuvi wamejaa kuzunguka. Yanga 2, Singida 0. Walishangilia kwenye giza, na walivyosimulia njia nzima ya kurudi ungedhani walikuwa jukwaani.

Ndiyo maana nasema, na najua nitatukanwa: kosa mechi. Au tumia mapumziko ya timu za taifa katikati ya Novemba, ambapo hata hiyo mechi ya klabu huikosi. Mwezi utaandama Novemba 9, kwa hiyo wikiendi ya Novemba 14 bamvua litakuwa limeshapungua. Kusi limeondoka. Papa potwe wapo, na ukienda kuwaona hugusi, unatazama tu. Kuna mvua za vuli, sikatai, na kipande cha Bungu hadi Nyamisati kinaweza kuwa na tope, lakini tope unalichimba. Anayependa Februari bahari ni nzuri pia, ila aangalie Ramadhani. Mafia ni kisiwa cha Waislamu, na kundi la wageni linalochoma nyama mchana wakati kijiji kimefunga halina adabu, hata kama lina kibali.

Kuhusu gari, Noah hapana. Gari moja la kuvuta matairi yote manne halitoshi kama watu ni zaidi ya sita, kwa sababu likikwama hakuna wa kulivuta. Na msikimbize magari ufukweni kwa ajili ya video, kasa wanataga kwenye mchanga huohuo. Wanaotaka kwenda Utende na Chole wakumbuke kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari, kuna kiingilio getini, wakitenge mapema wasije kuanza kulia njaa. Taka tunarudi nazo. Mwaka jana tuliacha mfuko mzima nyuma ya minazi ya yule mwenyekiti, na hilo linanikera kuliko hema kulowa.

Halafu tuchague mtu mmoja mwenye neno la mwisho kuhusu bahari. Asichaguliwe kwa kelele. Mimi nampendekeza yule dada aliyekaa juu ya begi. Akisema leo hatuvuki, hatuvuki, hata kama tumeshalipa, hata kama tisa wanataka. Kazi yake itakuwa kupiga simu kuuliza kivuko, kutazama utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tatu kabla, na kuacha orodha ya majina na namba za nyumbani kwa mtu aliyebaki Dar. Nimemuuliza. Amekubali kwa sharti moja, kwamba wale waliomwita mwoga waombe radhi kwenye grupu, kwa maandishi.

Watatu wameshaomba, mimi nikiwemo, maana ingawa sikulitamka neno hilo, nilicheka lilipotamkwa. Tunasubiri wengine. Nafasi ni kumi, magari mawili, Novemba 13 alfajiri. Mwenye spika abaki nayo nyumbani.